Kutoka Kabla Mpira Haujaisha

Katika safu yetu ya wabadilisha pesa, kiti kina adabu yake. Ukienda kuswali, kuzika au kuuguza, unaweka jiwe juu ya kiti chako, na hata jua likiwaka namna gani hakuna atakayekikalia. Jiwe lina maana moja: mwenyewe anarudi. Ila nalo halikai milele. Likizidi kukaa watu huanza kunung'unika, kwani nafasi ya kuweka meza na mwavuli katikati ya Kisangani haipatikani hivi hivi. Mimi yangu niliipata baada ya kusimama juani miaka, nikiwabebea wengine mabunda yao ya faranga.

Mwaka juzi niliweka jiwe langu kwa mwezi mzima wa Ramadhani. Sikuwa mgonjwa, wala sikufiwa. Nilitaka kujua kama ninaweza kuishi kwa soko jingine, lile lililokuwa ndani ya simu yangu.

Kazi ya kambisti, kama tunavyoitwa hapa, inaishi kwa bei kutikisika. Dola ikipanda watu wanakimbilia kwetu, ikishuka wanakimbilia kwetu vilevile. Balaa ni ikilala. Wakati ule ililala usingizi wa mtoto mchanga, na juu ya hayo wateja walikuwa wamejifunza kutumiana pesa kwa simu bila kugusa noti. Tukawa tunakaa chini ya miavuli yetu tukipiga soga na kufukuza nzi. Katika uvivu huo ndipo nilipojifunza soko la mpira.

Hapa naomba nieleweke, maana nimechoka kueleza. Sikuwa nikibashiri kama wale vijana wa vibandani, wanaokaa mpaka dakika ya mwisho wameshika vichwa. Tuseme timu fulani inacheza leo huko Ulaya. Kabla mechi haijaanza, tiketi ya ushindi wake ina bei, nami ninainunua. Timu ikianza vizuri tiketi ile inapanda thamani, na kuna watu duniani, nisiowajua wala wasionijua, watakaoitaka. Ninawauzia, ninachukua tofauti, ninatoka. Mpira unaendelea bila mimi. Nani kafunga, nani kafungwa, mara nyingi nilikuja kujua kwa kelele za jirani, na sikujali. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi methali hiyo niliigeuza kazi. Kanuni yangu ilikuwa moja tu: kutoka kabla mpira haujaisha.

Kwa kambisti hili halikuwa jambo geni. Tangu ujana wangu nimenunua dola asubuhi na kuiuza mchana bila kuuliza itafika wapi jioni. Kwa hiyo nilikuwa mzuri, nalisema bila haya. Jumamosi na Jumapili kwenye simu zilianza kunilipa kuliko siku zote nyingine mezani, na wazo la kuacha meza likaniingia kichwani likakataa kutoka.

Mke wangu nilipomwambia kwamba sasa ninafanya kazi mbili, alinijibu kwamba mshika mbili moja humponyoka. Nilifurahi sana. Nikaona ananiunga mkono, niache moja. Ilinichukua muda kugundua kwamba moja aliyotaka niiache haikuwa ile niliyoifikiria mimi.

Tulikubaliana nijaribu mwezi mmoja. Nilichagua Ramadhani kwa sababu kufunga huku umekaa juani ni mtihani, na niliona bora nifunge ndani, kwenye kivuli, na simu yangu. Jirani yangu katika safu ni mama mmoja wa watu wa mtoni, familia yake ni ya Isangi, Mkristo wa kuimba kwaya, na tumekaa bega kwa bega miaka mingi. Mteja akija na noti kubwa na mimi sina faranga za kutosha, yeye hunirushia bunda lake bila kulihesabu, nami humfanyia hivyo hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga sanduku lake la mbao, akasema:

"Mudogo wangu, jiwe yako nitaichunga. Mais kisha fête yenu, kama haukurudi, mutoto ya yaya yangu atakaa pale. Sitaki palabre."

Nilimwambia hakutakuwa na palabre wala ugomvi. Basi nikawa na mpaka wangu: ikifika Idi, ama nirudi kitini, ama kiti kiende kwa huyo mtoto wa ndugu yake mkubwa.

Aliyebaki ni Papa. Baba yangu, ambaye sisi sote tunamwita hivyo mpaka leo, anakaa mtaa wa Kabondo na dada yangu mdogo. Mimi ndiye mkubwa, na kila Ramadhani tangu mama alipofariki ni mimi ninayempelekea futari, kila jioni, kutoka jikoni kwangu. Mke wangu hupika lituma, ndizi zilizopondwa kwa njugu mpaka zikawa laini, na samaki kando yake, kisha hufunga bakuli kwa kitambaa na mimi hupanda pikipiki. Papa hula kidogo lakini huulizia. Samaki wa wapi, nani kauza, mvua imenyesha mjini? Nilijua siku moja angeuliza pia pesa ni za wapi, na sikutaka asikie kwa wengine. Yeye ni mtu wa Maniema wa zamani, Mwislamu wa kushika dini, na neno kamari hulitamka kama mtu anayetema kitu.

Nilikwenda kabla mwezi haujaandama, nimejiandaa. Nilikuwa na hoja ambayo niliiona haina mlango wa kuingilia. Nilipokuwa mdogo Papa alikuwa mfanyabiashara wa balo, marobota ya nguo za mtumba yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma. Aliyanunua yakiwa yamefungwa, akayauza yakiwa yamefungwa. Aliyeyanunua kwake ndiye aliyekata mikanda na kukuta bahati yake, suruali nzuri au matambara. Papa hakuyafungua. Biashara hiyo ilikwisha nikiwa bado shule ya msingi. Sikupata kujua iliishaje; nilimwona tu siku hizo amekaa na cherehani kwenye vibanda vya watu, akishonea vifungo na kurekebisha nguo ambazo wengine wamezifungua, na kazi hiyo ameifanya mpaka macho yalipomkatalia.

Cha siku zile za balo ninachokikumbuka zaidi ni sikukuu moja. Papa alituletea makoti. Makoti ya sufu, mazito, yenye vifungo vya rangi ya dhahabu na bitana ya hariri, nguo za watu wa baridi. Tukayavaa Idi nzima katika joto la Kisangani, mimi na wadogo zangu, jasho linatiririka mpaka kwenye viatu, na hakuna hata mmoja wetu aliyekubali kulivua lake. Watoto wa mtaa mzima walitufuata nyuma. Sijawahi kuwa na fahari kama ile tena.

Basi nilimwambia Papa kuhusu simu, tiketi na kutoka mapema. Alisema ni kamari. Nikamuuliza balo zake zilikuwa nini. Alichezea tasbihi yake. Nikaendelea, maana nilijiona ninashinda: wewe uliuza kitu kilichofungwa, mimi ninauza mechi iliyofungwa, anayeingoja hadi mwisho ndiye anayecheza kamari, kama yule aliyekata mikanda. Alicheka kidogo, si cheko la kushindwa, na akasema yeye si shehe, asiulizwe mambo ya shehe. Kisha akaniwekea sharti.

"Kama unauzisha balo ya kufunga, sitasema kitu. Lakini siku yenye utaifungua, ile siku usiniletee chakula."

Niliahidi haraka. Nilitoka pale nikidhani nimeshinda kesi.

Wiki za mwanzo zilikwenda vizuri, nami sina sababu ya kusema vingine. Mechi haziko Jumamosi tu. Ukitafuta utakuta watu wanacheza mpira mahali fulani karibu kila siku. Nilikaa sebuleni kwetu, njia ya Simi-Simi, nimefunga pazia, simu mbili mezani, betri ya jua ukutani kwa sababu umeme wetu kila mtu anaujua. Niliingia na kutoka, niliingia na kutoka. Nilipopoteza nilipoteza kidogo, nikakubali, nikaendelea. Wadogo zangu walisikia habari, wakaanza kuniita bosi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na nakiri kwamba nilianza kutembea mtaani kama mtu anayetarajia kusalimiwa.

Lakini kupima jambo kuna upande wa pili wa mizani, na huo ulijazwa na vitu vidogo. Nilipougua malaria siku mbili, hakuna aliyejua. Katika safu, kiti changu kingekaa tupu asubuhi tu, na kabla ya adhuhuri mama wa Isangi angetuma mtu nyumbani na chungwa na maneno makali. Huku kwenye simu niliponyamaza bei ziliendelea kupanda na kushuka bila kunitafuta. Tena mechi kubwa zote zinachezwa siku ambazo watu wanaoa, wanazika, wanatembeleana. Kulikuwa na matanga mtaa wa pili, nikaenda, nikakaa kwenye kiti cha plastiki na waombolezaji wengine, na mkono wangu ukawa mfukoni muda wote ukiikamata simu. Mjomba wa marehemu alinipa pole kwa jinsi nilivyoguswa. Niliona haya, nikasema asante.

Hata hivyo hesabu ilikuwa upande wa simu, na nilikuwa nimekwisha kuamua moyoni. Idi ikikaribia ningemwambia yule mama atoe jiwe.

Kisha ikaja Jumamosi moja katikati ya mwezi. Mechi ilikuwa ya mchana, ile inayotangulia nyingine. Niliingia na kiasi kikubwa kuliko kawaida yangu, kwa sababu nilitaka wiki hiyo iwe ushahidi wa mwisho mbele ya mke wangu. Timu yangu ilianza vizuri, bei ikasogea, na nilikuwa nangoja isogee kidogo tu zaidi ndipo niuze. Nje kukawa kweusi. Mvua ya Kisangani haibishi hodi. Ilishuka juu ya mabati kwa kishindo, upepo ukang'oa kitu cha mtu mahali fulani, na mtandao ukakatika. Nikachukua simu ya pili, ya kampuni nyingine. Nayo hivyo hivyo.

Nilijua la kufanya, yaani nilijua kwamba hakuna la kufanya. Nilisimama mlangoni nimeinua simu juu ya kichwa, kisha nikatoka barazani, kisha nikatoka kabisa uani nikiwa nimeifunika kwa kifuko cha plastiki, nikizunguka kwenye tope nikitafuta hata mstari mmoja wa mtandao. Mke wangu alinitazama kutoka jikoni. Niliogopa, nasema kweli, niliogopa kama sijawahi kuogopa kwa ajili ya pesa tangu nizaliwe, maana kwa mara ya kwanza sikuwa mfanyabiashara. Nilikuwa mtu aliyelowa, anayengoja mpira uishe.

Mtandao ulirudi mvua ilipopungua. Mpira ulikuwa umekwisha. Timu yangu ilikuwa imeshinda.

Kama ningeuza kwa wakati ningepata faida ya kawaida. Kwa kushindwa kuuza nilipata mara nyingi zaidi, pesa ambazo mezani zingenichukua msimu. Nilikaa chini na nguo zangu mbichi nikacheka. Na baada ya kucheka likaja jambo ambalo ndilo ninaloliandikia haya yote: nilifurahi. Sikufurahi kwa kuokoka. Nilifurahi kwa kushinda, mwili mzima, na papo hapo nikaanza kufikiri kwamba labda kutoka mapema kulikuwa uoga, kwamba muda wote huu nilikuwa nikiwauzia watu wengine bahati yangu. Nilizitafuta mechi za jioni. Nilikuwa nimeshachagua moja ya kungoja mpaka mwisho.

Pesa zile niseme kabisa zilikoishia, tusizifikirie tena. Shehe mmoja alinielekeza kwamba mali ya namna hiyo mtu haili wala hajengei, huitoa kutengenezea njia wanayokanyaga wote. Kuna shimo kwenye barabara ya msikiti kule Kabondo ambalo lilikuwa likimeza pikipiki kila masika. Nililijaza mchanga, mawe na saruji. Watu walinishukuru, na wazee wawili wakaniomba nigombee uongozi wa mtaa.

Kilichonisimamisha jioni ile kilikuwa bakuli. Mke wangu alikuwa anakifunga kitambaa chake kama kila siku, na nilipoyaona yale mafundo nikakumbuka sharti. Nikamwambia asifunge, leo sipeleki. Alielewa mara moja, lakini akabisha: ndizi alizinunua juzi, samaki juzi, hakuna hata punje humo iliyotokana na mechi ya leo. Alisema kweli. Ila Papa hakusema pesa za siku ile. Alisema siku ile. Mke wangu alifikiri kidogo, akafungua kitambaa, akakikunja.

"Basi enda mikono wazi, papa ya batoto," akasema. "Mais enda."

"Lakini nenda" ni rahisi kusema. Jaribu kwenda kwa baba yako mwezi wa Ramadhani, jua linazama, nawe mwana mkubwa huna kitu mkononi. Njia nzima ya Kabondo, nyuma ya pikipiki iliyokuwa inaruka madimbwi, nilikuwa sijui mikono yangu niiweke wapi.

Papa alikuwa amekaa kwenye mkeka wake sebuleni, kikombe cha maji mbele yake, anangoja adhana. Dada yangu alinitazama mikononi, kisha akatazama pembeni. Nilisalimu, nikaketi, na kabla hajauliza habari ya samaki nikasema:

"Papa, leo balo ilifunguka."

Hakushtuka. Aliniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Ndani mulikuwa nini?"

"Mizuri, Papa. Mizuri sana."

Aliinamisha kichwa. "Ndiyo vile inaanzaka."

Adhana ikaanza. Alikunywa maji, akala tende, akanisogezea sahani ya tende na mimi nikala. Kisha akaongea, taratibu, kama anayesimulia habari ya mtu mwingine. Sauti yake siku hizi ni ndogo, ilibidi nisogee.

"Balo ya kwanza nilifungua mwenyewe. Sikukuu ilikuwa karibu, mama yenu alitaka nguo ya batoto. Nikasema, bon, sawa, moya tu. Nikakuta yale makoti." Alinyoosha mkono wake akagusa kifua chake, mahali vifungo vinapokaa. "Nikajiona niko na mukono muzuri. Tokea pale sikuuzisha tena balo ya kufunga. Nilifungua yote."

Ndipo nikajua biashara ile iliishaje. Nilikumbuka matambara yaliyojaa chumba cha nyuma, ambayo tulikuwa tukiruka juu yake tukicheza, tukidhani ni utajiri. Nilikumbuka cherehani ilivyofika nyumbani. Miaka yote ile mimi nilikuwa nikiihesabu ile sikukuu kuwa ndiyo siku nzuri kuliko zote za nyumba yetu, na yeye, aliyekuwa amesimama mlangoni akitutazama tukitoka na makoti yetu, naye bila shaka aliihesabu hivyo. Aliihesabu hivyo kwa muda mrefu mno.

Dada yangu alileta uji wa mchele na mikate, na bila kuulizwa akaweka bakuli mbili. Tulikula. Nje maji ya mvua yalikuwa yangali yakidondoka kutoka kwenye mabati, na mahali fulani karibu, kwenye redio au simu ya mtu, mpira wa jioni ulikuwa umeanza. Niliusikia. Papa naye aliusikia, maana aliacha kutafuna.

"Lundi unafungua parasol?" akauliza.

Niliitazama mikono yake, ile iliyoshona vifungo vya watu miaka yote hiyo. Nilitaka kumwambia kwamba lile koti lilikuwa nguo nzuri kuliko zote nilizowahi kuvaa, na kwamba hata leo ninaweza kukihesabu kila kifungo. Sikuweza. Nilimwambia Jumatatu nitaufungua mwavuli mapema, kabla ya jua kali, na kwamba jiwe langu bado liko juu ya kiti.

"Bon," akasema, akanisogezea mkate wa mwisho.